Muziki wa Kiti cha Nyuma

Baada ya hitima ya Baba, jamaa walipokwisha kutawanyika, nilibaki Garsen kuondoa vitu vyake stoo. Nyuma ya pipa la dawa ya kuogeshea ng'ombe nilikuta kitu kimefungwa ndani ya mfuko wa unga. Nilidhani ni betri. Nilipofungua nikaona kisanduku cha chuma, mbavu zake zimeliwa na kutu, na upande mmoja nyaya zimekatwa fupi fupi, rangi zake zimepauka. Nilikileta puani kabla sijajua kwa nini. Kilinuka matope ya mto, matope yale ya mafuriko yasiyotoka hata uoshe mara ngapi, na chini ya matope kulikuwa na harufu ya vumbi lililoungua. Nikakaa juu ya pipa. Mimi ni mwanamke mwenye watoto, nilikuwa nimekuja kushughulikia mambo ya mirathi, na ghafla nilikuwa tena na umri ule wa miguu kutofika chini kwenye kiti cha gari, nimefumba macho, nimetega sikio.

Kile kisanduku kilikuwa amplifaya ya redio ya gari letu la kwanza, iliyokuja nalo tangu lilipotengenezwa. Baba aliitoa, akaweka nyingine, na hii hakuitupa. Hakuwahi kuniambia kwa nini.

Wenzangu mliokulia kwenye magari ya mitumba ya Kijapani mtakumbuka. Ukiwasha ufunguo, sauti ya kike ilisema maneno ambayo hakuna mtu Garsen nzima aliyejua maana yake, na Mama alimjibu kila mara, "Waalaikum salaam, dada." Redio haikushika stesheni zetu, maana mawimbi ya kwao si haya ya kwetu, lakini ilicheza sidii, na ilicheza vizuri kupita redio yoyote niliyoijua. Mama alikuwa na sidii zake za taarab alizozifuta kwa ncha ya leso kabla ya kuziingiza. Fidla ilipoanza, uliisikia mpaka mgongoni.

Baba alikuwa afisa wa mifugo. Kazi ilimpeleka mbali, zaidi Bangale, kuchanja ng'ombe na mbuzi, akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na kibuyu cha maziwa yanayonukia moshi alichopewa na wenyeji. Mama alikuwa mtu wa Kipini. Alikuwa mfupi na mwembamba. Wasichana wa darasa la nane walimpita kimo, na ukimwona kwa nyuma ungedhani ni mmoja wao. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Kila Baba alipokuwa nyumbani mwisho wa wiki, tulifunga safari kwenda Kipini kwa Bibi, mamake Mama.

Tukishapita Minjila, Baba alikuwa na desturi yake. Alibonyeza kitufe kwenye redio, muziki ukaondoka mbele ukaja wote nyuma kwangu, ukanizunguka kama shuka.

"Chukua, Esha. Huo wako."

Nilidhani ni zawadi. Nilijinyoosha kwenye kiti kama tajiri, nikawatazama visogo vyao, kofia ya Baba na mtandio wa Mama, nikawahurumia kwamba wao wamebaki na mngurumo wa injini. Sikujiuliza kwa nini watu wawili wanaopenda muziki wautoe wote wampe mtoto. Leo nina watoto wangu, na mimi pia kuna maneno nisiyotaka wayasikie.

Kisha ukaja mwaka wa maji mengi. Mto ulipanda ukaingia mashambani, ukaingia mjini, na gari lililokuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba likaingiwa na maji mpaka usawa wa viti. Maji yalipoondoka, Baba alilianika milango wazi, akang'oa zulia na kulisugua kwa sabuni. Injini ilipona. Redio nayo iliwaka taa zake kama kawaida, tukashukuru.

Lakini haikuwa imepona. Ilianza na mkwaruzo, kama mtu anayekata karatasi ndani ya spika. Baadaye gari likipiga shimo sauti ilikatika, na likipiga shimo lingine sauti ilirudi. Na barabara ya Witu wakati huo haikuwa na lami. Yalikuwa mashimo yanayopeana zamu. Fundi Kazungu, aliyekuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, alibadilisha spika mbili na kutuambia tukapige raha. Hatukufika mbali, ikakatika tena.

Kwa hiyo ikawa hivi. Mimi nimelala ubavu kwenye kiti cha nyuma, macho nimefumba kwa ajili ya vumbi, wao wakidhani nimesinzia. Mawe yanagonga chini ya gari. Fidla inalia, kisha shimo, kisha kimya.

"...ikatwe tu, Zuhura, tumalize..." Hiyo ilikuwa sauti ya Baba.

Shimo. Muziki. Mwanamke anaimba kuhusu mpenzi asiyesema kweli. Shimo.

"...utaoa mwingine." Mama. "Mwingine mzima."

Muziki ukarudi kwa nguvu, kama umekasirika kukatizwa. Uliponyamaza tena tulikuwa karibu kuingia Witu.

"...Esha tutamwacha kwa mama, Kipini..." Baba.

"...na asijue. Naapa, Baba Esha, asijue."

Sikufumbua macho. Nilikuwa nikitetemeka nikaogopa kiti kitawaambia. Mtoto akipewa vipande hawezi kuviacha vipande, lazima avishone. Mimi nilivishona mchana huo huo, kabla ya kufika kwa Bibi. Kinachokatwa ni ndoa, nilijiambia, kama kamba inavyokatwa. Baba anaoa mke mwingine. Na kwa nini Mama aseme "mwingine mzima"? Hilo nililielewa haraka kuliko yote. Mtu mzima ni mtu mkubwa. Mama yangu ni mdogo, hata shuleni walimu wageni walimdhania dada yangu. Baba alikuwa amechoka kuwa na mke mdogo kama msichana. Alitaka mwanamke mtu mzima, mnene, mwenye sauti nzito. Mama na mimi tungerudishwa Kipini.

Tangu siku hiyo kila nilichokiona kilikuwa ushahidi. Mama aliacha kubeba ndoo kwa mkono wa kushoto. Mama alikaa bafuni muda mrefu, maji hayamwagiki. Baba alisimama barazani na simu akiuliza kuhusu chumba Mombasa, kama kiko karibu na barabara, kama kinatosha watu wawili. Nikajua wawili hao ni nani. Aliporudi kutoka Bangale na kibuyu chake cha maziwa, niliamua mwanamke mwenyewe ni wa huko, nikauona mkono wake ndani ya moshi ule. Yeye ndiye aliyekamua, yeye ndiye aliyefukiza kibuyu.

"Mbona hunywi?" Baba aliuliza.

"Yananuka."

Alikileta kibuyu puani, akashangaa, akanywa mwenyewe. Nilimtazama koo lake likipanda na kushuka, nikamchukia kwa chuki safi ambayo sijaipata tena ukubwani. Hakunikaripia. Alipangusa mdomo, akasema tu, "Siku hizi umekuwa mkali, Esha," kisha akaenda kukaa peke yake kwenye gari, mlango wazi, akibonyeza vitufe vya redio isiyolia.

Safari iliyofuata ya Kipini niliamua kumwambia Bibi.

Bibi alikuwa uani akipara samaki, magamba yamemrukia mikononi. Mama alikuwa ndani amejilaza. Baba alikuwa ameenda msikitini. Bibi aliniona nimesimama mlangoni, sahani yangu ya wali nimeirudisha kama ilivyo.

"Ndoo hapa," alisema, akiniita njoo kwa ile lahaja yao. "Yeo una nini hata chakula hukitaki?"

Nilikwenda nikachuchumaa karibu yake. Nilimwambia kila kitu, kwa mpangilio nilioutengeneza mimi: ndoa inakatwa, Baba anaoa mke mtu mzima, ana chumba Mombasa, sisi tutaletwa huku. Bibi hakuniuliza nimeyasikia wapi. Aliendelea kupara yule samaki hata magamba yakamalizika, akaendelea kumparura mahali pasipo na gamba.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Kalete maji umnawishe bibi yako mikono."

Alimwacha Baba arudi, ale, ashibe, anywe maji. Ndivyo alivyokuwa, hangemsemesha mkwewe mambo mazito akiwa na njaa. Mama alikuwa ametoka, amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Kisha Bibi akavuta kibao chake, akakaa mbele ya Baba.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikusoma, sijui kuzunguka. Nimesikia unaoa. Kuoa si dhambi. Kama umemchoka binti yangu, huna haja ya kuficha chumba Mombasa. Nirudishie. Lakini nirudishie kama nilivyokupa, mzima."

Nilimwona Baba jasho likimtoka juu ya midomo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la mlango, na moyo wangu ulikuwa ukishangilia kama uwanjani.

"Nani anaoa?" Baba alisema. "Mama, mimi ninaoa nani?"

"Sema wewe."

Hapo Mama akazungumza. Hakupaza sauti. "Mama, mwache. Hana kosa. Yule mzima unayemdai, hayupo."

Bibi aligeuka polepole. Mama aliteremsha mtandio, akaushika mkono wa mamake wenye harufu ya samaki, akauweka juu ya ziwa lake la kushoto, kando, karibu na kwapa. Bibi alibonyeza. Niliuona uso wake ukibadilika kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na wewe unakuja hapa, unakula samaki wangu, unaniambia afya njema?"

"Nilijua utalia."

"Nani analia?" Bibi alisema, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Daktari amesema nini?"

Ni Baba aliyejibu. Alisema daktari anataka sehemu hiyo ikatwe, na haraka. Alisema Zuhura amekataa, anasema apewe muda, apewe dawa za majani, apewe dua, apewe mwezi mmoja, kisha mwezi mwingine. Alisema amepata chumba kwa ndugu karibu na hospitali ili asimwache peke yake hata siku moja. Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akiongea maneno mengi hivyo mfululizo, bila shimo, bila muziki.

Bibi alikuwa na dada yake aliyekwenda Mombasa kukatwa kitu hicho hicho, zamani, na hakurudi. Mama alikuwa mdogo wakati huo, lakini alikumbuka jeneza. Wote wawili walikuwa wakimwona dada huyo pale ukumbini, nadhani. Mwishowe Bibi alifunga mtandio wa Mama kwa mikono yake mwenyewe, kama anamvika mtoto.

"Mpeleke," alimwambia Baba. "Na huyu hana mwezi wa kuomba."

Nilikimbilia uani. Nilikuwa sijaelewa yote, lakini nilielewa kwamba hakukuwa na mwanamke Bangale, na kwamba ingekuwa bora angekuwepo.

Tuliporudi Garsen hakuna aliyeniuliza kitu, ingawa Bibi alikwisha kuwaambia kwamba maneno yale aliyapata kwangu. Hilo ndilo lililonitisha. Nilingoja kupigwa, nilingoja kukaripiwa, na badala yake Baba alikwenda Malindi asubuhi na kurudi jioni na boksi chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na amplifaya mpya. Mama alikuwa akipanga nguo za hospitali, na Baba anashughulika na redio! Nilimwona mpumbavu. Nilidhani hajui kinachotokea nyumbani mwake.

"Safari ya Mombasa ni ndefu," alimwambia Mama, kama anayeomba msamaha. "Usafiri na muziki wako."

Mama aliliangalia boksi, kisha akaniangalia mimi. Siku ya kwenda kwa fundi alivaa buibui lake akasema na yeye anakwenda, na mimi pia.

Kazungu alikifungua kiti cha Mama, kile cha abiria mbele, akakilaza mchangani nje ya kibanda. Chini yake, ndani ya zulia, ndimo kilimokuwa kile kisanduku. Alikitoa na nyaya zake zikining'inia, akafungua mfuniko, na tope lililokauka likaanguka vipande vipande kwenye mapaja yake. Hapo ndipo harufu ile iliponiingia mara ya kwanza.

"Hii ilikufa na mafuriko, mzee," Kazungu alimwambia Baba. "Spika zilikuwa hazina makosa, nilikosea. Nyinyi mmekuwa mkisikiliza maiti."

Baba aliangalia pembeni. Mama alicheka, kicheko kifupi cha kushtukiza, hata Kazungu naye akacheka bila kujua anachekea nini.

Ile mpya haikuwa ya gari lile. Soketi yake haikuingiliana na ya zamani, na zilizoingiliana hazikupatikana popote. Ilibidi soketi ya kiwandani iondolewe, kila waya uunganishwe mmoja mmoja. Kazungu aligusisha betri ndogo kwenye nyaya ili ajue upi unakwenda spika gani, na spika ikajibu kwa mlio mdogo, mara mlango wa mbele, mara nyuma. Alipokwisha kuzitambua alichukua koleo.

"Nikikata hapa, mzee, ya zamani hairudi tena. Nikate?"

Baba alikuwa ameshika paa la gari.

"Kata," alisema Mama.

Kazungu alikata, kisha akaenda kwa mama wa chapati wa jirani kupasha chuma chake cha kulehemu kwenye jiko. Tukabaki watatu. Mama alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa mahali pangu. Akanivuta nikae karibu yake. Akamwambia Baba aingie kwenye kiti cha dereva.

"Sema kitu," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Ulichosema ile siku, njia ya Witu. Kwa sauti ile ile. Nataka kusikia alichokisikia mtoto."

"Zuhura, tuache haya."

"Sema."

Baba aliushika usukani ingawa gari halikwenda popote. Nilikiona kisogo chake, mstari wa jasho ukishuka shingoni. Kisha akasema, chini, bila kugeuka:

"Ikatwe tu, Zuhura, tumalize. Bora nikupate pungufu kuliko nikukose."

Nusu ya pili sikuwa nimeisikia. Muziki ulikuwa umeimeza.

"Nami nikakwambia utaoa mwingine," Mama alisema. "Mwingine mzima."

"Nikakwambia simtaki."

"Ndiyo. Ulisema hivyo."

Kila neno lilifika nyuma wazi, kana kwamba ameniambia mimi sikioni. Mama alijifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia kwa sababu ya ugonjwa. Sasa ninaamini alikuwa akihesabu moyoni yote waliyowahi kuyazungumza kwenye viti vile tangu mafuriko, na mtoto nyuma, peke yake, akivishona vipande. Alinivuta kichwa kifuani, upande wa kulia, akanikandamiza mpaka pumzi ikawa haba. "Kumbe uliyabeba yote haya," alisema. "Mtoto wa watu, uliyabeba yote haya."

Baba hakugeuka, lakini aliupitisha mkono wake nyuma, katikati ya viti, kiganja juu, ukakaa pale hewani. Nilikuwa bado na haya na mabaki ya chuki. Nilikishika kidole kimoja.

Kazungu alirudi na chuma chake chekundu. Moshi wa risasi ya kulehemu ukajaa garini. Aliunganisha, akafunga utepe mweusi, akavuta waya mpya kutoka kwenye betri na fyuzi yake, akarudisha kiti. Alipowasha, dada wa Kijapani alitusalimu, kisha taarab ikatoka milango yote minne kwa pamoja, safi, hata mama wa chapati akainua kichwa. Kazungu alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akingoja tufurahi. Maskini, hakujua awe na uso gani. Akapunguza sauti mwenyewe.

Mpango ulikuwa mimi nibaki Kipini. Mama aliubadilisha. Asubuhi ya kuondoka aliniambia nipande gari, mfuko wangu ulikuwa umekwisha kufungwa. Tulipoiacha Minjila nyuma na kushika barabara ya Malindi, Baba aliunyoosha mkono kwenye kitufe chake, kwa mazoea. Mama aliushika.

"Zima kabisa," alisema. Kisha akageuka kwenye kiti, akainua goti ili aniangalie vizuri. "Esha, una swali gani?"

Nilikuwa na moja tu. "Utarudi?"

Baba alikaza macho barabarani. Mama hakusema ndiyo, na mpaka leo ninamshukuru kwa hilo ingawa siku ile niliumia. "Sijui, mwanangu," alisema. "Nataka kurudi. Ninakwenda kwa sababu nataka kurudi. Baba yako anajua ninavyoogopa, na sasa na wewe ujue." Akaniambia kitu kilichomo kifuani mwake, kwa jina lake. Akaniambia kitakachofanywa, upande gani, na kwamba atalala usingizi wa dawa. Alipochoka kuongea aliuliza kama ninataka muziki. Nilisema hapana. Tulikwenda hivyo mwendo mrefu, upepo ukivuma madirishani, nikiuliza na kujibiwa, na hofu yangu ikawa kubwa kuliko zamani, lakini ilikuwa hofu ya kitu kimoja tu.

Alirudi. Alirudi mwembamba zaidi, mkono wa kushoto ameubana ubavuni, na kwa muda mrefu hakutaka kuvaa nguo mbele ya kioo. Kulikuwa na dawa zilizomtapisha na kumnyoa kichwa, kulikuwa na siku aliyomfukuza Baba chumbani akipiga kelele asimwangalie, na Baba akalala kizingitini. Kisha nywele zikaota. Alinilea mpaka nikavaa sare ya sekondari, na hapo ugonjwa ukarudi mahali pengine, ndani zaidi, ambapo hakuna wa kukata. Alifia Kipini, kwenye kitanda cha Bibi, mchana, milango ikiwa wazi.

Baba alikaa peke yake. Alijifunza kupika vibaya. Nilipokuja likizo nilimkuta ameweka sahani tatu mezani, akaona aibu, akairudisha moja. Miaka ikapita. Siku moja tulikuwa njiani kutoka Hola, gari lingine, ng'ombe wakavuka barabara, kundi kubwa lisilokuwa na haraka, akazima injini.

"Esha," alisema, akiwatazama ng'ombe, si mimi. "Kuna mama mmoja Hola. Mjane. Sijamwambia kitu. Nimeona nikuulize wewe kwanza."

Ng'ombe walipita, pembe kwa pembe, mpaka wa mwisho, mpaka mchungaji mwenye fimbo begani akatupungia mkono. Nilikuwa mtu mzima, nilikuwa na shahada njiani, nami nilikuwa tena yule mtoto wa njia ya Witu, macho nimefumba.

"Sijui, Baba," nilisema.

"Haya. Utakapojua."

Hakulitaja tena. Hakulitaja Idi iliyofuata, wala nilipomtembelea msimu wa mvua nikamkuta anajikanda goti mwenyewe. Nilimaliza chuo, nikapata kazi Mombasa. Jioni moja, nikitoka kazini, nilisimama kando ya barabara nikampigia simu.

"Baba, yule mama wa Hola. Bado yupo?"

"Yupo."

"Muulize."

Upande wake nilisikia mbuzi wa jirani, na mtu akitwanga. Kisha akasema, "Haya," akaniuliza kama nimekula.